Tonsili ya Mzee Sigei

Nimekata nyama za watu kwa miaka thelathini na moja, na mimi si mchinjaji wala daktari. Nilikuwa fundi wa maabara, upande ule ambao wageni wa hospitali hawapelekwi kuonyeshwa. Daktari akitoa kauvimbe kwa mgonjwa anakaweka kwenye chupa yenye dawa, chupa inaletwa kwetu. Sisi tunaitoa ile nyama maji yote, tunaizamisha kwenye nta ya moto, na nta ikiganda tunapata bloku ndogo, kama kile kipande cha sabuni kinachobaki bafuni. Bloku hiyo tunaikata kwa wembe, vipande vyembamba mpaka ukipumua vinaruka, tunavibandika kwenye kioo na kuvipaka rangi. Hapo ndipo daktari wa darubini anakuja kusoma. Sasa niambieni, atasoma nini kama sisi tumeharibu? Ndiyo maana vijana wangu wa maabara nawaambia, mtu asiwaite wasaidizi mkanyamaza.

Hospitali yetu ilikuwa katikati ya majani chai, upande wa Bomet. Miaka hiyo ya tisini hatukuwa na hizi mashine zenu. Maji ya kunyooshea vipande tulipasha kwa sufuria, na kipimo cha joto kilikuwa kidole cha Mama Chelangat. Barafu tulikuwa tunaomba jikoni, kwenye friji ileile ya maziwa ya wagonjwa. Mpishi alikuwa anatutukana kila asubuhi, na haki alikuwa nayo.

Huyo Mama Chelangat ndiye aliyenifunza kazi. Mkipsigis wa hapohapo, mfupi, mwalimu wa Sunday school, mkali kama nini. Mimi nilifika kutoka Kisii na diploma mpya na suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata. Akaangalia cheti changu, akasema, "Weka hapo kando. Sasa kata."

Nikakata. Kipande cha kwanza kikajikunja. Cha pili kikapasuka katikati. Cha tatu kilitoka kizuri sana, nikakipigia chafya.

"Hiyo ilikuwa ya mtu," akaniambia. "Sasa nani ataenda kumwambia mwenyewe imeenda wapi?"

Kwa Mama Chelangat hakukuwa na bloku, kulikuwa na mtu. Tonsili alinifundisha kukata polepole kwa sababu ni laini na ina vishimo vingi ndani. Nta ikianza kupasuka kwa ile baridi ya Julai, usiitukane, ipumulie mara moja ipate joto la mdomo, halafu kata. Na ukimaliza mgonjwa mmoja, badilisha wembe, kata kwanza nta tupu isiyo na kitu, ndiyo uingie kwa mwingine. Nilimuuliza mbona tunapoteza nyembe nzuri hivyo. Akanijibu, "Unataka kupeleka kansa ya huyu kwa yule? Chembe moja ikibaki kwa wembe, umemwua mtu mzima kwa karatasi." Nilicheka. Baadaye sikucheka, mtaona.

Kitu kingine, hakutupa bloku hata moja. Alikuwa ameomba kiwandani yale masanduku ya zamani ya kupakia chai, ya mbao nyembamba yenye karatasi ya bati ndani. Unyevu hauingii, na panya haingii. Mnajua panya anapenda nta? Mimi nilikuwa sijui. Ijumaa moja nikaacha sanduku wazi, Jumatatu tukakuta panya amekula nusu ya tezi ya mama mmoja wa Sigowet. Nikasema tuandike imepotea. Wee! Mama Chelangat akafungua rejista, akanipa kalamu, akanisimamia nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: Nusu imeliwa na panya. Kosa la Momanyi. Kila daktari mgeni aliyefungua ukurasa ule alicheka mpaka machozi. Hilo kosa nalipenda siku hizi, kwa sababu liliandikwa.

Lililonila miaka mitano ni lile ambalo halikuandikwa.

Fomu zetu zilikuwa na nafasi za kujaza: jina, umri, uvimbe umetoka wapi, mgonjwa anavuta sigara, anakunywa pombe. Daktari wa wadi akiwa na haraka, hizo mbili za mwisho anaziacha wazi. Mama Chelangat alikuwa na sheria moja tu. Ukikuta nafasi wazi, vaa viatu, nenda wadi uulize. Ukikuta mgonjwa ameenda nyumbani, andika: Hakuulizwa. Mimi hilo neno lilinikera. Nililiona kama kukiri uvivu. Na daktari wa darubini, ambaye alikuja mara mbili kwa mwezi, alikuwa akipiga kelele juu ya fomu za nusu nusu.

Basi siku moja, mvua ya mawe inapiga bati mpaka hatusikizani, ikaja chupa ya Mzee Sigei. Mwanamume, hata miaka hamsini hajafika, tonsili ya kulia, na uvimbe shingoni. Sigara, wazi. Pombe, wazi. Wadi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya. Tonsili zenye kansa nilizokuwa nimeona mpaka hapo zote zilikuwa za wazee wa kiko na chang'aa. Nikajiambia, huyu naye atakuwa nani? Nikajaza: Anavuta. Anakunywa. Nikanakili hivyohivyo kwenye rejista. Haikuchukua hata muda wa ile chafya.

Ilikuwa kansa kweli. Daktari wa darubini aliamini fomu, akaanza ripoti yake kwa kusema mgonjwa ni mvutaji na mnywaji. Ripoti ikapigwa chapa, ikawekwa kwenye barua ya kumpeleka Nairobi akachomwe kwa miale.

Sasa mjue Mzee Sigei alikuwa nani. Mkulima wa majani chai upande wa Kimulot, ng'ombe wawili, mzee wa kanisa, na zaidi ya yote mwalimu wa kwaya. Kwa kanisa lao, sigara na pombe si mambo ya kuteleza na kusamehewa kimyakimya. Alichukua ile barua bila kuifungua, akawapelekea wazee wenzake wamwombee kabla ya safari. Karani wa kanisa akaisoma kwa sauti, akatafsiri kwa Kipsigis, neno kwa neno.

Mzee akasema si kweli. Wakamuuliza, daktari adanganye kwa nini? Wakamwombea, lakini wakamtoa kwa kwaya na kumkalisha benchi la nyuma mpaka atubu. Naye akakataa kutubu. Angetubu nini?

Akaenda Nairobi, akachomwa, akarudi. Na alipona! Uvimbe wa shingo uliyeyuka mpaka madaktari wakashangaa. Lakini miale ilimkausha mate. Mtu aliyechomwa hapo hawezi kumeza ugali bila maji, hawezi kusema dakika tatu bila kulowesha ulimi. Kwa hivyo akaanza kutembea na kachupa kadogo kwa mfuko wa koti, anapiga funda, anafunga. Na chang'aa, mnajua wenyewe, ni nyeupe kama maji. Watu wakamalizia hadithi. Ati hata aibu hana, anakuja nayo mpaka kanisani.

Haya yote niliyasikia kwa mfagiaji wetu aliyetoka huko, akiyasimulia kwa kicheko chumba cha chai. Nilikaribia kunyongwa na mandazi. Jioni nikafungua rejista, nikaona mwandiko wangu. Nikaifunga. Msinitafutie sababu nzuri, sababu ilikuwa woga. Niliogopa kufutwa, na zaidi niliogopa macho ya Mama Chelangat, ambaye alikuwa wa kanisa lingine na hakuwa amesikia lolote. Mzee Sigei alipokuja kliniki kuangaliwa, mimi nilijificha nyuma ya mlango wa stoo. Miaka mitano, mtu mzima na diploma yake, nyuma ya mlango.

Karibu mwisho wa miaka hiyo ya tisini akaja daktari kijana, msichana wa Kericho aliyekuwa amesoma ng'ambo. Alituketisha mimi na Mama Chelangat, akachukua chaki. Alituambia kuna jamii ya virusi inaitwa papiloma, wenyewe kwa kifupi wanasema HPV. Wengine katika jamii hiyo wanaleta chunjua za mikononi tu, hawana neno. Wengine tulikuwa tumeshawasikia, wale wanaoleta kansa ya mlango wa kizazi kwa akina mama. Sasa, akasema, madaktari fulani huko nje wanawakuta ndani ya kansa za tonsili. Si zote. Ni za watu ambao hawakuvuta, hawakunywa, na hakuna aliyeelewa wamepata wapi. Kirusi kinaingia kwenye vile vishimo vya tonsili, kinakaa miaka na miaka kimya, na kwa wachache kinageuza chembe za mwili. Na la ajabu, wagonjwa hao wakichomwa miale wanapona kuliko wenzao.

Mimi nilikuwa nimeshamkumbuka Mzee Sigei.

"Nataka tonsili zenu za zamani," akasema. "Lakini najua mtakuwa mmetupa. Kila mahali wametupa."

Mama Chelangat aliinuka, akafungua masanduku yake ya chai, akaanza kutoa. Bloku moja baada ya nyingine, kila moja na nambari yake, kavu, safi, hata alama ya jino la panya hakuna. Yule daktari alizishika kwa mikono miwili. Nimewaona maprofesa wengi, wamepewa vyeti na mashada. Mimi shada langu ningempa yule mama mfupi siku ile. Alizikata yeye mwenyewe, wembe mpya kwa kila mtu, nta tupu kati ya mtu na mtu. Kwa kipimo cha kutafuta kirusi, ule mchezo niliokuwa nikiucheka ndio ulikuwa kazi yenyewe. Chembe ya mtu mmoja ingeingia kwa mwingine, jibu lote lingekuwa uongo.

Majibu yalichukua miezi kurudi kutoka ng'ambo. Nyingi hazikuwa na kirusi. Moja ilikuwa nacho, wazi kabisa. Daktari akalinganisha nambari na rejista yetu, akakunja uso.

"Huyu Sigei ananisumbua," akasema. "Ana kirusi, na amepona vizuri. Lakini hapa imeandikwa ni mvutaji na mnywaji. Basi itabidi nimweke na wavutaji, tuseme ni sigara."

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikaona uongo wangu unataka kuondoka Bomet, upande ndege, uende kufundisha dunia.

"Daktari, usiandike," nikasema. "Hakuulizwa. Nilijaza mimi."

Nikawaambia yote. Viatu vipya, barua, kanisa, chupa. Mama Chelangat alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa. Nilikuwa nangoja matusi. Ningefurahi kutukanwa.

"Huyo mtu anakaa wapi?" akauliza.

"Kimulot."

"Chukua rejista."

Nikadhani tunaenda kanisani moja kwa moja. Akaniambia hapana, habari ya ugonjwa ni ya mwenyewe kwanza, ndiyo iwe ya wengine kama yeye anataka. Hilo nalo liandikeni mahali.

Mke wa Mzee Sigei, Mama Ester, alitupokea sote watatu bila kuuliza tumefuata nini, akatumiminia mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Changu nikakiweka chini. Nikasimama nikasema: Mzee, ile barua ilisema unavuta na unakunywa, na aliyeandika hivyo ni mimi, na sikukuuliza. Mama Ester aliinuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria zinaanguka, moja, ya pili, ya tatu. Akarudi akakaa.

Daktari akaeleza juu ya kirusi. Halafu Mama Chelangat akasogeza kiti chake. "Mzee, nisikuficheficheni. Hii kirusi inapitishwa na miili ikikutana, mambo ya mume na mke, hata mdomo. Karibu kila mtu mzima amekutana nayo siku moja, wengi inaisha yenyewe bila wao kujua. Haiwezekani kujua ilitoka kwa nani wala mwaka gani. Lakini tukiisema kanisani, kuna wenye watasema vile watu husema. Mkitaka, tutasema tu kwamba fomu ilikuwa ya uongo. Inatosha."

Mzee akamwangalia mkewe.

"Semeni yote," Mama Ester akasema. "Mimi nimechoka na nusu nusu."

Jumapili hiyo, ibada ikiisha, mwenyekiti wa wazee aliomba watu wabaki. Nikasimama mbele, mimi Mkisii, nikasema kwa Kiswahili nilichofanya. Daktari akaeleza yake kwa Kipsigis, vizuri, polepole. Mwenyekiti akashukuru, akakuna kidevu.

"Na hii kirusi, daktari, mtu huishika wapi?"

Mama Chelangat akajibu yeye, maneno yaleyale aliyosema nyumbani, hakupunguza hata moja. Alikuwa anatazama watu usoni vile anavyotazama watoto wa Sunday school. Kwa nyuma, mzee mmoja akakohoa. "Kwa hivyo aliishika nje."

Mama Ester alisimama. Mwanamke mpole, ambaye kwa miaka mitano alikuwa amekaa naye benchi la nyuma ilhali hakuna aliyemwambia ahame.

"Miaka mitano mlikuwa mnatafuta chupa," akasema. "Leo chupa imekosekana, mnataka kutafuta kitanda. Hicho kitanda ni changu. Mimi nalala hapo. Kuna mtu hapa nimemwita aje aangalie?"

Hakuna aliyekohoa tena. Vijana, nimefanya kazi na watu waliosoma sana, na sijaona mtu akifunga mjadala namna ile. Leo mabinti wenu wanadungwa chanjo ya hiki kirusi shuleni, na bado nasikia wazazi wakinong'ona kwamba ni chanjo ya umalaya. Kila nikisikia hivyo natamani Mama Ester angekuwa karibu.

Mwenyekiti akainama, akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya wazee. Mzee Sigei akainua mkono, akamkatiza. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, lakini ilifika mpaka mlangoni.

"Kijana, umekuja na ile kitabu?"

Nikasema ndiyo.

"Fungua."

Nikaiweka juu ya meza ya matoleo, nikafungua ukurasa wake. Kosa kwenye rejista halifutwi, wala halipakwi rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja, neno lisomeke bado, unatia sahihi pembeni. Nikapiga mstari juu ya yale maneno mawili. Nikaandika sahihi. Nikaanza kuandika, Hakuulizwa.

"Hapana," Mzee akasema. "Niulize sasa."

Nikafungua mdomo, hakuna kitu kikatoka. Ulimi ulikuwa umekauka, umeshikana na juu. Watu wanangoja. Mzee akatia mkono kwa koti, akatoa kachupa kake, akafungua kifuniko, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa mbele ya kanisa lote. Ilikuwa maji, baridi, na ladha kidogo ya moshi wa jikoni. Nilimrudishia, naye akapiga funda lake, akafunga.

"Mzee," nikasema, "unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Unakunywa pombe?"

"Sijawahi."

Niliandika polepole, amenisimamia begani, anasoma kila herufi. Nilipomaliza aliniuliza kama wino umekauka. Nikamwambia umekauka. Akafunga kitabu kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kusimama pale mwalimu wa kwaya husimama.